Mgonjwa wa Kumi na Saba

Rasimu ilirudi Gent Jumanne, mvua ikinyesha,
imechorwa wekundu pembeni, mstari kwa mstari,
na barua fupi ya kampuni, yenye adabu zake:
"Tumependekeza mabadiliko machache ya lugha."

Ya lugha.
Jedwali la nne lilikuwa na vifo vitatu.
Sasa lina viwili, na chini yake tanbihi
yenye herufi ndogo kama mayai ya chawa:
*mgonjwa wa kumi na saba alijiondoa.*

Nilimjua. Odilon Verstraete, fundi wa baiskeli,
vidole vyeusi kwa grisi hata Jumapili,
aliyekuja kliniki kila Alhamisi
na vidonge vyake ndani ya kopo la kahawa, vimehesabiwa.
Wiki ya tisa moyo wake ulisimama ngazini,
mkononi ameshika mnyororo wa baiskeli ya jirani.
Aliondoka, kweli. Hakujiondoa.
Wamepachika silabi moja katikati ya kitenzi
na maiti amegeuka mtoro.

Godelieve, mtakwimu wetu, alikataa.
Akapiga simu makao makuu, akaambiwa asome mkataba:
kifungu cha kumi na mbili, data ni mali ya mfadhili.
Akachukua kikombe chake na kimmea cha dirishani,
akashuka bila kumuaga mtu.

Mimi nilibaki.
Nina mkopo wa nyumba kule Ledeberg,
nina wanafunzi wawili wanaokula kwa ruzuku ile ile,
na mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga;
hawakusema ulimi hubaki na ladha gani
ukishaulamba uliojaa.

Makala ilitoka Mei.
Jina langu ndilo la kwanza, ingawa sikuandika hata aya.
Aliyeiandika hana jina, hulipwa kwa neno.
Walinitumia nakala hamsini, karatasi nzito, inang'aa,
za kuwagawia madaktari wenzangu pamoja na kalamu.

Juni mjane wake alikuja, koti limelowa mabega.
Hakuja kulia. Aliweka kopo juu ya meza yangu:
"Haya yenu yamebaki. Nimrudishie nani?"
Nikasema, niachie mimi.
Akauliza kama dawa imewasaidia wengine.
Nikasema, makala inasema hivyo.

Alipotoka nikamimina vidonge juu ya rasimu,
nikahesabu mara mbili, taratibu, kama alivyofanya yeye.
Thelathini na moja.
Nimeiandika namba hiyo kwa penseli ndani ya kifuniko.
Hakuna aliyeniomba niirekebishe.