Inchi Kumi na Nane

Jumapili, saa saba usiku, mume wangu yuko jikoni
na suruali ya kulalia na miwani iliyogangwa kwa gundi,
anangoja modeli ya Ulaya ishuke.
Ndivyo wanavyosema: inashuka. Kama wahyi.

Ramani inafunguka saa sita baada ya saa sita
mpaka Jumamosi ijayo,
na hapo, juu ya Bonde la Shenandoah,
juu ya Staunton, juu ya paa letu linalovuja,
zambarau.
Si buluu. Zambarau.
Inchi kumi na nane.

Anapiga simu. Nani alale?
Lucinda Puffenbarger, mwalimu wa kemia,
anapokea kabla haijalia mara ya pili.
Wilmer Arriaga, wa kiwanda cha bata mzinga,
aliyezaliwa Honduras, akaiona theluji ana miaka ishirini na mmoja,
akaila, anasema, kiganja kizima,
naye yu macho.
"Umeona?"
"Nimeona. Usiseme kwa sauti."

Nasikia yote kupitia ukuta.
Kwa wengine dalili ya mvua ni mawingu.
Kwangu ni birika linalochemka usiku wa manane.

Jumatatu modeli ya Marekani inakana.
Inaipeleka dhoruba baharini, kusiko na mtu wa kuifyagia.
"Hiyo imelewa," anasema Garland,
yeye ambaye juzi aliiapia hiyo hiyo
kwa kuwa juzi ilimpa inchi tisa.

Jumanne wanafungua wale hamsini:
modeli moja, swali moja, mara hamsini,
kila mara ikisukumwa kidogo kiwiko.
Ishirini na wawili wanasema theluji.
Kumi na mmoja, mvua ya baridi.
Waliobaki kimya, wameinamisha vichwa
kama wanangu siku niliyouliza nani kavunja bakuli.

Lucinda anasema yote yamo mikononi
mwa kiwimbi kimoja cha hewa
ambacho bado kiko juu ya Pasifiki,
na huko hakuna puto la kukipima.
Nikiosha sahani nakifikiria:
kidogo, hakina jina, hakijafika nchi kavu,
na watu watatu wameshanuniana kwa ajili yake.

Jumatano Garland ananunua mifuko sita ya chumvi.
Namwambia usikate mbeleko, mwana hajazaliwa.
Ananitazama kama nimecheka mazishini.
Anaupaka rangi nyeupe ubao wake wa kupimia,
anaulaza uani, mbali na miti, mbali na mbwa.

Alhamisi, kumi na mbili.
Ijumaa asubuhi, saba.
Ijumaa jioni ule mstari wa waridi, wa mvua na theluji,
unapanda kutoka kusini, kaunti kwa kaunti,
kama mdai anayepiga hodi kila nyumba
akiulizia yetu.

Wilmer amekuja na sufuria ya maharage. Hakuna anayekula.
Kipimajoto cha dirishani: digrii mbili juu ya kuganda.
Mbili tu.
Garland anakigonga kwa kucha, eti kishuke.

Saa tisa usiku wote watatu wamesinzia vitini.
Mimi, niliyesema sijali,
nimesimama barazani na koti la Garland,
natazama taa ya barabarani,
maana hapo ndipo huonekana kwanza,
kila mtoto wa hapa anajua.
Mvua.
Mvua.
Mvua nzito, ya mshazari.
Kisha tone moja linachelewa.
Linaacha kuanguka,
linaanza kutafuta mahali pa kutua.

Nilipaswa kuwaamsha.
Nimekaa nalo kwanza, dakika nne labda,
na hizo dakika sijamwambia mtu.

Asubuhi Garland anapiga magoti uani na rula ya baba yake.
Robo tatu ya inchi.
Anaandika daftarini, kwa wino.
Anapima tena.
Wilmer anakwangua bega la gari, analamba vidole.

Saa saba mchana simu inalia. Ni Lucinda, anahema:
siku ya tisa, kuna kitu kinatoka Alaska.

Nauliza kutoka jikoni, kabla sijajizuia:
"Zambarau?"