Saa Tatu ya Nani

Al Khuwair, ghorofa ya nne, kiyoyozi kinakohoa.
Niliandika: kikao kesho, saa tatu,
nikasahau kuwa saa yangu ni ya bibi
aliyekuja kutoka Wete na hesabu yake ya jua,
akafia Maskati bila kuibadilisha.

Radhia, kule Arusha, alinielewa vizuri,
ila jua lake huchelewa langu kwa saa nzima.
Devendra wa Pune akaingia alasiri, kanyoa ndevu.
Na Agnieszka, Gdansk, aliamka usiku,
akakaa mbele ya kioo peke yake
na kikombe, na paka, robo saa,
kisha akaandika: Nipo. Nyinyi mko wapi?

Tulicheka. Kicheko nacho kilifika kwa mafungu.

Tunatengeneza kilango cha mfereji,
cha bati na betri, kifunguke chenyewe
kila mwenye zamu anapofikiwa na zamu.
Jumapili naanza kazi, Gdansk wamelala;
Ijumaa wananiuliza, mimi nimezima simu.
Swali hukaa mlangoni kama kiatu cha mgeni.

Ndipo Bi Ghaliya wa Birkat al-Mawz akapiga.
Salamu zake zilikuwa fupi, nikajua.
"Ndimu zangu zinakauka. Maji yamekuja saa tisa usiku,
nimelala, yakaenda kunywesha njia."

Nikafungua programu, mstari kwa mstari,
nikaikuta: tatu. Tatu tupu, haina asubuhi wala usiku.
Radhia kaiandika kama nilivyoitamka,
Devendra kaisoma kama alivyofunzwa,
Agnieszka kaijaribu, ikapita: tatu ni tatu.
Hakuna aliyekosea.
Hilo ndilo lililoniuma.

Alhamisi nikaendesha gari hadi kwake.
Ukingoni mwa mfereji kumesimama kijiti,
chini yake mawe, mawe yasiyo na namba.
Kivuli kikigusa jiwe lake
mtu huchomoa tambara lenye tope,
maji yanageuka. Basi.
Nikapiga picha, nikawatumia.
Sikuongeza neno.

Devendra: Nimeona.
Radhia: Kwa hiyo tufute namba?
Agnieszka, baada ya saa mbili:
Huku ni mawingu tangu Jumatatu.
Kivuli kikikosekana, tunamfuata nani?

Bado sijamjibu. Narudi Maskati,
na kwenye kiti cha pembeni ndimu tano za Bi Ghaliya,
kavu, nyepesi, zinagongana kila kona.