Kisichojua Moto

Siku sita kwa wiki nalala mchana, naamka na tanuri:
bulanjeri ya Kamalondo, mikate elfu mbili kabla ya jogoo.
Mikononi nina mistari ya sinia za moto.
Mwadi huihesabu akijifunza namba.

Leo Jumapili. Oktoba imekalia mabati ya Katuba
kama mdai asiyetaka kuondoka.
Umeme umekatika tangu Alhamisi.
Majirani wanalalamika; mimi nacheka kimoyomoyo:
leo hakuna atakayeniambia washa.

Nimenunua masuku, ndoo ndogo,
kwa mama aliyetoka nayo barabara ya Likasi,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
"Yameanguka yenyewe," akaapa.
"Suku la kuchumwa halina neno. La kuokotwa ndilo."
Nikaongeza ndimu nne, pakiti tatu za biskuti,
na maziwa mazito ya mkebe, yale ambayo Mwadi
alilamba kifuniko hadi kikamkata ulimi,
na hakukoma.

Ganda la suku hupasuka kwa kidole gumba.
Ndani, nyama yake imeng'ang'ania mbegu
kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza.
Huwezi kuikata. Huwezi kuiharakisha.
Unaitia kwenye chekecheke, unasugua,
unabadilisha mkono, unasugua.
Ndoo ingetoa bakuli moja na nusu;
hiyo nusu imo mashavuni mwa Mwadi,
anayetema mbegu ukutani, tak, tak,
na kuniapia kwamba ni mjusi.

Biskuti nazisaga kwa chupa tupu ya bia.
"Hizo si zilipita motoni?" anasema shemeji Kabamba mlangoni,
mtu wa kutafuta mfupa hata kwenye maji.
Kweli, shemeji. Lakini ni moto wa mtu mwingine,
usiku wa mtu mwingine.
Kuna mwanamke mahali fulani, sijui mji gani,
ana mistari kama hii yangu. Namshukuru
huku naiponda kazi yake iwe mchanga.

Halafu ndimu kwenye maziwa.
Hapa ndipo napenda watu wanyamaze.
Unamimina, unakoroga, hakuna kitu,
hakuna kitu, maji ni maji,
mara mwiko unakuwa mzito mkononi
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Yameganda. Bila kipande hata kimoja cha makala.
Miaka kumi na tisa naamini unga na moto tu,
kumbe uchachu nao hushikisha.

Mchanga wa biskuti, masuku, weupe, tena masuku.
Vikombe saba, havifanani, kimoja hakina mkono.
Navipanga ndani ya beseni, beseni juu ya mchanga wenye maji,
gunia lililoloweshwa juu yake, chini ya dirisha la nyuma
ambako upepo hupita hata ukiwa kidogo.
Kabamba anauliza kama tunalaza maiti.
Ngoja, shemeji.

Tulingoja hadi jua likashuka kwenye ukuta wa jirani.
Pembeni kijiko kilisimama. Katikati bado palitetema.
Sikuomba radhi.
Kabamba alikula kimya, akalamba kile kisicho na mkono
kama anatafuta jina lake chini,
akauliza kama kimebaki kingine.

Kimebaki. Ila hicho ni cha Numbi,
aliyechukua zamu yangu usiku huu.
Nimekifunga kwa kitambaa chenye maji, Mwadi amekibeba
kwa mikono yote miwili, hapumui.
Tunatembea upande wa kivuli, jakaranda zinamwaga
zambarau juu ya vumbi, na mlango wa bulanjeri
unaanza kutupumulia tangu kwenye kona.
Kitafika kikiwa uji, najua.
Numbi atajifuta unga, atakipokea,
na hatakionja kwanza.
Atakiweka shavuni.