Safu ya Mwisho

Fomu ina safu tano:
nyasi zilizofyekwa, kwa mita,
mitaro iliyozibuliwa,
alama zilizoanguka au kuibwa,
mashimo,
mizoga iliyoondolewa.

Hiyo ya mwisho ina malipo yake peke yake,
elfu mbili kwa kichwa, hata kama kichwa hakipo.
Ndivyo alivyosema Chinguile, msimamizi,
siku ile pale Mtama alipotugawia vizibao vya rangi ya chungwa
na sepetu moja kwa watu watatu.

Kipande changu ni kilomita nne kuelekea Nyangao.
Usiku kucha malori ya korosho yanateremka kutoka Masasi,
na asubuhi lami imeandikwa waliochelewa kuvuka:
nguchiro, kanu,
komba mmoja, macho yote wazi,
panya buku wawili, yaelekea walikuwa wameongozana.
Nafika saa kumi na mbili na nusu.
Wenzangu wameshafika.

Kunguru kwanza, na fulana zao nyeupe.
Hawana pupa. Mmoja anatangulia, anamdonoa mfu mkiani,
anaruka nyuma, anangoja.
Wako wanaojifanya wamekufa.
Kisha jicho. Daima jicho,
maana mdomo wa kunguru haupasui ngozi.
Ngozi wanamwachia dereva.
Nimewaona juu ya nguzo ya kilomita, wametulia kama wazee wa baraza la mahakama,
wakisubiri lori lipite mara ya pili
ili washukie kilichofunguka.

Na mistari wanaijua.
Basi likija huku, wanahamia kule, hatua tatu za miguu,
hawaruki. Kuruka ni gharama.

Saa tatu, lami ikishika moto, mwewe.
Huyo hatui.
Anapita chini, anakwapua utumbo,
anakula humohumo safarini,
kama utingo na muhogo wake wa kuchoma.

Saa nne mimi nimebaki na doa,
manyoya kidogo, na siafu wanaofunga hesabu.
Natoa fomu. Safu ya mwisho naandika: nne.
Natia sahihi.

Somoe wangu, yuko la sita, anapenda kukagua.
"Mama, hawa wanne umewazika wapi?"
"Juu," nikamwambia.

Novemba akashuka pungu.
Maisha yangu yote nilimjua kama kitu cha kutazamwa shingo ikiuma,
leo yuko chini, mbele yangu, mkia hauna urefu,
miguu myekundu juu ya funo aliyevunjika kiuno.
Alikula. Alikula mpaka akawa mzito.
Lori la saruji likachomoza kwenye kona ya daraja.
Kunguru, hatua tatu.
Yeye akaitaka mbingu.

Siku hiyo niliandika mbili,
na mbili hizo nilizizika kweli,
sepetu ikashangaa udongo.

Tangu hapo sianzi na nyasi.
Namshika mfu mguu, namburuta nje ya mstari mweupe,
hatua ishirini, hadi kwenye shamba la mikorosho la mtu nisiyemjua.
Kunguru walinitukana wiki nzima.
Nimewahamishia sahani mahali pasipo na tairi,
ngozi nzima, wataanzia wapi?
Basi nikanoa ncha ya fyekeo.
Mpasuo mmoja, tumboni.
Kisha mimi ndiye narudi nyuma hatua tatu.

Chinguile akanikuta na pikipiki yake.
"Mbona huziki?"
Nikamwonyesha fomu: imeandikwa iliyoondolewa,
haikuandikwa na nani.
Akatazama mikorosho. Akatazama fomu.
Akaniazima kalamu, akajaza mwenyewe: tatu.
Na kweli walikuwa watatu.

Sasa kizibao wanakijua.
Nikichelewa wananipokea njiani, nguzo hadi nguzo,
wakipiga kelele kama watu wanaodai.
Jumapili napita palepale na khanga yangu, naenda Nyangao kumwona mgonjwa.
Hakuna hata mmoja anayegeuza shingo.