Kati ya Alama Mbili

Kwanza uliegeshe pahali tambarare.
Huku Svaneti tambarare ni kitu cha kuazima:
uwanja wa shule,
na kipande cha barabara mbele ya duka la Nargiza.
Alfajiri, injini haijakohoa,
oili ingali imelala yote chini kwenye sampu,
ndipo nachomoa kijiti.
Nakifuta kwa soksi ya Jokia,
nakirudisha mpaka kigonge,
nachomoa tena.
Kinachosomwa ni cha mara ya pili.
Cha kwanza ni umbea.

Pajero ya tisini na mbili, ya dizeli,
usukani upande wa Wajapani:
nikitaka kulipita lori namwomba abiria anichungulie.
Kipima kilomita kilikufa zamani,
kwa hiyo tunahesabu kwa Zugdidi.
Kwenda na kurudi, moja.

Daftari liko chini ya kiti. Mwandiko wa Jokia umeinama
kama mtu anayepanda mlima:
*Zugdidi nne, nusu lita.*
*Zugdidi tatu, nusu lita. Moshi wa buluu pale kwenye daraja.*
*Zugdidi mbili, lita kasoro. Anakula kama bwana harusi.*
Hiyo ni Oktoba.
Kisha mwandiko unasimama wima,
ni wangu.

Februari gari likaacha kula.

Zugdidi moja, oili palepale.
Mbili, palepale.
Ya tatu, imepanda juu ya alama, unene wa ukucha.
Nikampigia Murzakan fundi. Akanyamaza kwanza.
Akasema, mama, kwenye dizeli oili ikiongezeka si baraka:
ni pampu inavuja, mafuta yanashuka kwenye sampu,
oili inakuwa nyepesi kama chai ya wagonjwa,
na siku moja injini itajitafuna yenyewe.
Inuse. Idondoshe kwenye karatasi.

Nikanusa. Masizi tu.
Nikadondosha tone nyuma ya bili ya umeme,
nikalilinda usiku kucha kama mtoto mwenye homa,
nikingoja ile pete angavu inayotambaa pembeni
dizeli inapojitenga.
Kulipokucha tone lilikuwa jeusi, ukingo wake umekatika safi.
Hakuna pete.
Nikafungua kifuniko nikitafuta ute mweupe, yaani maji.
Hakuna ute.

Basi ni mtu.
Gari la miaka thelathini halitubu lenyewe.

Milango ya huku haifungwi kwa ufunguo.
Theluji ilianguka Jumapili, na Jumatatu niliisoma:
nyayo kutoka lango la Pridon hadi kwenye boneti,
mguu mmoja umekanyaga,
mwingine umechora mstari.
Pridon! Ambaye hajatusalimu miaka kumi na mmoja
tangu ng'ombe wake ale kabichi zetu
na Jokia amrudishe akiwa na pembe moja.
Kwenye mazishi alisimama nje ya ua,
kofia kichwani.

Sikwenda kugonga. Ningesema nini?
Ahsante ina mlango wake, na ule wetu ulipigwa misumari.
Usiku niliinua boneti mwenyewe,
nikaweka daftari juu ya betri
na kalamu katikati, kama kijiti.

Asubuhi kulikuwa na mwandiko wa tatu,
herufi kubwa, za mtu aliyeacha shule mapema:

*JUMANNE, ROBO LITA.
JUZI NILIZIDISHA, KULIKUWA GIZA.
NIMEPUNGUZA. IKIPITA ALAMA INAPASUA SILI.
RINGI ZIMEKWISHA. JOKIA ALIJUA.*

Hakuandika pole.
Hakuandika jina.

Nilikasirika hadi Zugdidi na hadi nyumbani.
Alijua! Na mimi namfutia kijiti kwa soksi yake.
Abiria waliniuliza kama mshipa wa jino umeniuma.
Pale darajani nikatazama kwenye kioo:
moshi wa buluu, mwembamba, ukatufuata kidogo
ukaachia.

Jioni niliandika: *Zugdidi moja.*
Nikalirudisha daftari juu ya betri
na kalamu mpya.
Ile ya kwanza ilikuwa ikikwaruza.