Milimita Sita

Dalali alisema wanunuzi hawataki zulia,
wala hawataki rangi yenye maoni.
Basi tukaenda duka la Mtaa wa Nane, Saskatoon,
Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mimi na wewe, Orest, gari moja,
kuchagua sakafu ambayo hatutaikalia.

Mwaloni wa Asali. Mwaloni wa Majivu. Mwaloni wa Pwani
(pwani ipi, humu katikati ya ngano?).
Hakuna hata mmoja uliowahi kuwa mti.
Ni vinili iliyochapwa picha ya mti
na kuvikwa ngozi ngumu.
Ulikwangua sampuli kwa ufunguo wa nyumba;
mimi nikaimwagia maji ya chupa, nikangoja.
"Haipitishi kitu," kijana wa duka akasema,
"hata mbwa akikojoa wiki nzima."
Tulikuwa naye, mbwa.

Maboksi kumi na tisa, Majivu.
Ulijumlisha asilimia kumi ya kukata na kukosea.
Sikujua una fungu la kukosea.

Yakalala sebuleni saa arobaini na nane,
kwani mbao zilizoganda ndimi zake huvunjika.
Ziache ziizoee nyumba, kijitabu kilisema.
Wewe ukalala kwa dada yako Daria.
Mimi nikayazunguka kwa soksi, usiku,
kama mgeni anayetafuta choo.

Jumamosi tuling'oa zulia.
Vumbi la miaka kumi na saba, pini, senti za shaba,
na kipande cha fumbo la picha, buluu tupu,
kile cha mbingu
tulichokitafuta Krismasi nzima, Taras akilia.
Ulikipuliza, ukakitia mfuko wa shati.
Hukusema neno.

Pimamaji ukalilaza: povu likakimbilia dirishani.
Ningekuambia bila pimamaji.
Gololi zote za mtoto huyu ziliishia pale.
Tukakoroga saruji laini, tukajaza bonde,
tukanywa chai ya chupa tumeegemea friji
hadi ikauke.

Halafu kazi yenyewe.
Ulimi kwenye mfuo, inamisha, shusha, gonga
kwa nyundo ya mpira, si kwa hasira.
Kata, geuza, anza safu inayofuata kwa kipande,
maungo yasikutane.
Mimi nakata kwa kisu, wewe unafunga.
Tak. Tak.
Hatujawahi kuelewana vizuri hivyo kwa maneno machache.

Safu ya kumi na moja ukasimama.
Jicho la mti, lile lile, mara mbili, bega kwa bega:
kiwandani picha huisha, hurudia.
"Wataona," ukasema.
"Nani ataona? Wataweka kochi!"
Saa tano usiku ukafumua safu nne.
Nami, magoti yakiwaka moto,
nikawa nakupokea mbao moja moja,
tabia ile ile niliyoitaja mbele ya mwanasheria.

Kila ukuta uliuachia nafasi ya milimita sita,
kwa vikabari vyekundu.
Usemi wajulikana: asiyeziba ufa atajenga ukuta.
Kijitabu kinasema vingine:
usiusukume ubao hadi mwisho,
kiangazi utatanuka,
na ukikosa pa kwenda utainuka katikati ya chumba.
Nilisoma ukurasa huo mara mbili,
nikautumia kufutia mikono.

Ubao wa mwisho ulipasuliwa kwa urefu,
mwembamba kama rula,
ukaingia chini ya fremu ya mlango kwa kubembelezwa.
Mbao mbili zilizobaki nikazipeleka stoo,
nikaandika juu yake kwa kalamu nene:
Majivu. Ikiharibika moja.

Ulizunguka chumba kwa soksi, ukisikiliza.
Karibu na dirisha, kitu kikalia, kidogo.
Ukakanyaga tena. Tena.
"Unasikia?"
Nikausimamia ubao ule kwa miguu yote miwili.
"Sisikii," nikasema.
Sikuondoka pale hadi ukamaliza kufunga viatu.