Malaika wa Ukingoni

Asili haina rula.
Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia Kasyoka
kila anapoivisha lesi kichwa cha mbao
na kuikazia macho kama fundi anayepima ukuta.
Wigi ikitoka kiwandani ina paji la askari:
nywele zimejipanga mstari mmoja, nyeusi tii,
mtu akiivaa utadhani amevishwa kofia
na aliyemvisha alikuwa na haraka.

Kwa hiyo tunaanza kuharibu.
Lesi nailoweka kwenye strungi ya jana,
majani vijiko vitatu, bila sukari,
mpaka ishike rangi ya ngozi ya mwenyewe.
Mafundo nayapaka dawa yafifie,
dakika ishirini; ukizidisha yanageuka kutu.
Kisha kikoleo.
Unywele mmoja hapa. Unaruka mbili. Mmoja pale.
Si kung'oa kama magugu. Ni kama mtu
anayechagua mawe kwenye mchele akijua
kwamba mengine lazima ayaache.

Huku Kenyatta Market moshi wa nyama choma
huingia bila hodi, na Julai ilikuwa imekaza baridi,
vidole vyangu vikitaka kikombe kuliko kikoleo.
Akaketi mwanamke, kitambaa kichwani.
Nekoye, akasema. Naibu wa mwalimu mkuu.
"Nataka nywele ambazo hakuna atakayeziuliza swali."

Akafungua kitambaa.
Panja zote mbili zilikuwa zimerudi nyuma
kama maji ya bwawa mwaka wa kiangazi,
ngozi inang'aa, laini, haina hata kitundu.
Ugonjwa huu naujua. Hauna kijidudu.
Unaitwa mkono.

Nilipomgeuza nipime kisogo nikaliona:
kovu nyuma ya sikio la kulia,
dogo kama punje ya mtama.
Maji ya moto. Ncha za rasta zikichovywa,
sufuria ikayumba, mtoto wa darasa la sita
akakataa kulia.
Mama yake amesimama mlangoni, mkoba kwapani:
"Kaza, dada, zifike muhula wote."
Nami nikakaza. Nilisifika kwa kukaza.
Watoto walitoka kwangu macho yamevutwa juu,
usiku wakalala kifudifudi kwa maumivu,
nami nikaiita hiyo kazi safi.

Sikusema kitu. Nikapangusa kikoleo,
nikauliza, kwa sauti ya biashara:
"Paji nilianzishie wapi?"
Akaniangalia ndani ya kioo.
"Mimi nimesahau. Wewe ndiye uliyekuwa ukizishika.
Ndiyo maana sikwenda kwingine."

Kasyoka akazima redio. Au stima ilipotea, sikumbuki.

Nikafumba macho, vidole vikatafuta.
Kushoto zilishuka chini kidogo kuliko kulia.
Katikati palikuwa na kishungi
kilichonipotezea dakika kila Jumamosi
kwa kukataa kwenda na wenzake.
Nikakishona, unywele kwa unywele,
kwa sindano ya ndoano,
kikaidi vilevile.
Na mbele kabisa nikaacha malaika,
vile vinywele vifupi visivyo na kazi
ila kulihadaa jicho kwamba hapa pameota;
nikavilaza kwa mswaki mkuukuu na maji,
vingine vikainuka tena. Nikaviacha.

Alipojitazama hakutabasamu.
Aligusa panja kwa kidole kimoja,
kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto.
Akalipa zote. Nilipomrudishia nusu alizihesabu,
akaziweka juu ya meza, akaenda zake
upande wa Mbagathi, upepo ukimpiga usoni,
na hakuinamisha kichwa.

Aproni yangu ilijaa nywele nilizozing'oa.
Sijazikung'uta nikasikia, kwenye kiti cha pili,
mtoto akivuta pumzi kwa meno,
na mama mtu akisema neno lile.

"Legeza," nikamwambia Kasyoka.
"Zitafumuka mapema."
"Zifumuke."